Anayenunua hisa za shirika la ndege linalozama ananunua nini?

Mwaka 2014, Etihad, shirika la ndege la Abu Dhabi, lilikubali kuingiza yuro milioni 560 katika Alitalia na kuchukua asilimia 49 ya hisa zake. Wakati huo Alitalia ilikuwa imeshaokolewa na serikali ya Italia, ikaokolewa tena na wafanyabiashara wa Italia, na bado ilikuwa ikifunga hesabu kwa hasara. Mei 2017, hata miaka mitatu haijatimia, ikarudi mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Wengi waliofuatilia habari hiyo waliuliza swali la haki kabisa: hivi hawa wa Abu Dhabi hawakuziona hesabu?

Waliziona. Jibu linaanza kuonekana ukitazama zile milioni 560 zilivyogawanywa. Yuro milioni 387.5 zilikwenda kwenye hisa zenyewe. Milioni 112.5 zilinunua asilimia 75 ya kampuni iliyosimamia pointi za wasafiri wa Alitalia, yaani orodha ya Waitaliano wanaosafiri mara kwa mara pamoja na kumbukumbu za wanakokwenda. Milioni 60 zilizobaki zilinunua jozi tano za nafasi za kutua na kuruka katika uwanja wa Heathrow, London, ambazo Etihad iliikodisha Alitalia izitumie tena. Kwa hiyo karibu theluthi moja ya fedha haikununua shirika. Ilinunua vitu ambavyo vingebaki na thamani yake hata shirika lenyewe likifa.

Ukilielewa hilo, habari nyingi za uwekezaji wa aina hii zinaanza kusomeka. Mwekezaji wa kigeni mara chache anavutiwa na faida ya shirika analolinunua, maana faida yenyewe haipo. Anavutiwa na abiria.

Etihad, Emirates, Qatar Airways, Turkish Airlines na Ethiopian ni mashirika yanayoishi kwa abiria wa kupita. Wakazi wa Doha au Abu Dhabi hawatoshi kujaza ndege zinazoruka kila siku kwenda Manila, Sydney na New York. Zinajazwa na mtu aliyetoka Venice usiku, akabadilisha ndege Ghuba alfajiri, akaendelea hadi Bangkok. Chukua ndege ya viti 300. Gharama ya kukodi ndege, mishahara ya marubani, ada za kutua na sehemu kubwa ya mafuta zinalipwa vilevile, iwe imebeba watu 210 au 250. Wale 40 wa ziada wanaongeza gharama ndogo sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya nauli yao inabaki mfukoni. Shirika dogo linalopata hasara Roma linaweza kuwa na maana kubwa Abu Dhabi likileta hao 40 kila siku. Hasara inaandikwa kwenye vitabu vya mmoja na faida inaandikwa kwenye vitabu vya mwingine. Hapo ndipo serikali nyingi zinapojikwaa, kwa sababu zinakaa mezani zikidhani pande zote mbili zinasoma ukurasa mmoja.

Halafu kuna hiyo asilimia 49 inayojirudia kila mahali. Asili yake ni sheria za anga. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulikubali kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na ndiyo maana safari za kimataifa zilijengwa juu ya makubaliano ya nchi mbilimbili. Nchi A inateua mashirika yake, nchi B inateua ya kwake, na kila upande unaruhusu ya mwenzake kuingia. Mengi ya makubaliano hayo yana kifungu kinachotaka shirika lililoteuliwa liwe linamilikiwa kwa sehemu kubwa, na kudhibitiwa kwa vitendo, na raia au serikali ya nchi iliyoliteua. Etihad ingechukua asilimia 51 ya Alitalia, Japani au Brazili ingekuwa na haki ya kusema hili si shirika la Italia tena, na kulizuia. Shirika lingepona kifedha halafu likose pa kutua. Juu ya kifungu hicho kuna sheria za ndani: Umoja wa Ulaya unataka zaidi ya nusu ya hisa na udhibiti vibaki kwa nchi wanachama au raia wao, na Marekani inamruhusu mgeni asilimia 25 tu ya kura. Afrika ilijaribu kulegeza jambo hili kwa Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, unaotazama zaidi makao makuu na mahali shirika linapofanyia shughuli zake kuliko uraia wa mwenye hisa, lakini utekelezaji wake umekwenda kwa kusuasua.

Kwa hiyo mgeni anatoa fedha lakini hatamu hapewi. Mimi naona hapa ndipo penye kasoro kuu ya mfumo mzima. Mtu aliyeweka mamia ya mamilioni hakai kimya, na akizuiwa mlango wa mbele atatafuta mlango wa nyuma. Anaweka mtendaji mkuu wake. Anatoa mkopo wenye masharti. Ananunua pointi za wasafiri na nafasi za Heathrow. Mfano mmoja unatosha: Cramer Ball aliongoza Air Seychelles, kisha Jet Airways ya India, kisha Alitalia, na mashirika yote matatu yalikuwa na jambo moja la pamoja, hisa za Etihad. Kwenye karatasi Etihad ilikuwa mwanahisa mdogo kila mahali.

Kwa nini Etihad ilinunua kwa pupa namna hiyo, wakati jirani yake Emirates hakufanya hivyo? Sababu ni ushindani. Emirates ilianza kuruka mwaka 1985. Qatar Airways ilikuja katika miaka ya 1990. Etihad iliundwa 2003, ikakuta Dubai, umbali wa mwendo wa gari tu, tayari ni njia panda ya dunia. Kujenga mtandao kidogo kidogo kungechukua miongo. Kununua abiria wa wengine kulionekana kuwa njia ya mkato. Chini ya mtendaji wake mkuu, James Hogan, Etihad ilichukua hisa za Air Berlin, Air Seychelles, Jet Airways, Air Serbia, Virgin Australia na nyinginezo, mpaka ikafika Alitalia. Mwaka 2015 na 2016 ziliuzwa hati fungani, yaani mikopo kutoka kwa wawekezaji wa masoko ya fedha, za dola bilioni 1.2 kwa niaba ya kundi hilo, madeni ya wenye nguvu na ya wagonjwa yakafungwa pamoja.

Kabla yao, Swissair ya Uswisi ilikuwa imeshapita njia hiyohiyo. Katika miaka ya 1990 ilikusanya hisa za Sabena ya Ubelgiji, LOT ya Poland, mashirika ya Ufaransa, hata asilimia 20 ya South African Airways. Karibu yote yalikuwa yakivuja fedha kwa wakati mmoja. Oktoba 2001 ndege za Swissair, shirika lililosifiwa kuwa imara kama benki, zilikwama chini kwa kukosa fedha za mafuta. Sabena ikafilisika mwezi uliofuata.

Ya Etihad yalikwenda karibu vilevile. Mwaka 2016 ilitangaza hasara ya dola bilioni 1.87. Aprili 2017 wafanyakazi wa Alitalia walipiga kura kukataa mpango wa kupunguza ajira na mishahara, na bomba la fedha likafungwa. Agosti mwaka huohuo Air Berlin ikaomba ulinzi wa mufilisi. Jet Airways ilisimama Aprili 2019, na maelfu ya wafanyakazi wakajikuta nje huku wakidai mishahara ya miezi.

Air Seychelles inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni nchi ndogo na kila kitu kinaonekana wazi. Mwaka 2012 Etihad ilichukua asilimia 40. Shirika lilihitaji msaada kwelikweli, na mwanzoni mambo yalitulia. Lakini safari zake ndefu ziligeuzwa zielekee Abu Dhabi, na mtalii wa Ulaya akawa anapandia Etihad na kuunganishiwa huko. Safari ya moja kwa moja ya Paris ilirudishwa, kisha ikafutwa 2018. Mwaka 2021 Etihad ilizirudisha hisa kwa serikali kwa dola 1. Deni la zile hati fungani halikuondoka nayo: wadai walibaki mlangoni, shirika likawekwa chini ya wasimamizi, na serikali ikalazimika kujadiliana nao juu ya deni ambalo lilitokana na mpango wa mwanahisa aliyekwisha kuondoka.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba mgeni ndiye tatizo. Sri Lanka inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1998 Emirates iliingia katika Air Lanka, ikachukua hisa ambazo baadaye zilifika zaidi ya asilimia 43, pamoja na jambo muhimu kuliko hisa: mkataba wa miaka kumi wa kuendesha shirika. Jina likabadilishwa kuwa SriLankan, ndege zikafanywa mpya, huduma ikapanda. Lilistahimili hata shambulio la Julai 2001 katika uwanja wa ndege wa Colombo, ambapo waasi wa Tamil Tigers waliteketeza na kuharibu sehemu kubwa ya ndege zake. Kisha Desemba 2007 Rais Mahinda Rajapaksa na msafara wake wakataka kurudi nyumbani kutoka London kwa ndege iliyokuwa imejaa. Uongozi ulikataa kuwashusha abiria waliokwisha kulipa nauli. Muda si mrefu mtendaji mkuu, Peter Hill, akafutiwa kibali cha kufanya kazi nchini. Mkataba wa uendeshaji ulipofika mwisho Machi 2008, Emirates haikuuendeleza, na mwaka 2010 ikaiuzia serikali hisa zake kwa dola milioni 53. SriLankan ikaingia katika hasara kubwa zilizoendelea kwa miaka mingi, na zikalipwa na mlipakodi wa Sri Lanka ambaye huenda hajawahi kupanda ndege maishani.

Emirates ilijifunza. Baada ya hapo iliacha kukusanya hisa za mashirika ya kitaifa na badala yake ikashika ushirikiano wa tiketi: Qantas mwaka 2013, United mwaka 2022. Unauza viti vya mwenzako, mnagawana mapato, na akianguka, deni lake si lako. Ni njia yenye sifa ndogo magazetini lakini imedumu kuliko mingi ya ile mikataba mikubwa.

Kenya Airways ndiyo kesi inayobishaniwa zaidi Afrika Mashariki, na ubishi wenyewe mara nyingi hufanywa kwa hasira kuliko kwa hesabu. KLM iliingia mwaka 1996 kwa asilimia 26, hisa nyingine zikauzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa zaidi ya miaka kumi shirika lilipata faida na kutajwa kama mfano wa ubinafsishaji uliofanikiwa barani. Makubaliano ya ubia yaliifanya Amsterdam kuwa lango kuu la Ulaya kwa abiria wa Nairobi, na Nairobi kuwa lango la KLM kuingia Afrika. Kisha mwaka 2011 ukaja mpango wa upanuzi wa miaka kumi uliopewa jina la Mawingu: ndege mpya kubwa, vituo vipya, madeni ya dola. Ndege zilipofika, abiria waliotarajiwa hawakufika nazo. Kulikuwa na shambulio la Westgate 2013, Ebola Afrika Magharibi 2014, mikataba ya kufunga bei ya mafuta iliyogeuka mzigo bei ya dunia iliposhuka, na juu ya yote mashirika ya Ghuba, Turkish na Ethiopian yaliyokuwa yakimchukua abiria yuleyule wa Lagos, Lusaka na Mumbai ambaye mpango ulimhesabia. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ulifungwa kwa hasara ya shilingi bilioni 26.2.

Wapo wanaosema KLM iliinyonya Kenya Airways, na wapo wanaosema Wakenya waliiendesha vibaya wenyewe. Mimi sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo likisimama peke yake. KLM ilipata ilichokifuata, yaani abiria wa kuunganisha, na ilikipata hata katika miaka ya hasara. Uamuzi wa kununua ndege nyingi kwa mkopo ulipita mbele ya bodi nzima, serikali na wanahisa wengine wakiwemo. Lililo wazi ni kwamba madeni yalipobadilishwa kuwa hisa mwaka 2017, serikali ya Kenya ilifikia asilimia 48.9, benki zilizokuwa zikidai zikapata asilimia 38.1, na KLM ikakubali kushuka hadi 7.8. Ubia wa njia ukavunjwa mwaka 2021. Mwaka 2024 shirika likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya muongo, kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara baada ya ndege zake tatu aina ya Dreamliner kukaa chini kwa ukosefu wa injini na vipuri. Deni kubwa la dola, mapato yenye sarafu za nchi nyingi, ndege chache: kila pigo dogo linatikisa hesabu nzima.

Jaribio la Tanzania lilikuwa fupi zaidi. South African Airways ilichukua asilimia 49 ya Air Tanzania mwaka 2002 kwa dola milioni 20, ikakusudia kuifanya Dar es Salaam kituo chake cha Afrika Mashariki. Kituo hicho hakikujengeka, hasara ziliongezeka, na mwaka 2006 serikali ikazichukua tena hisa hizo.

Kuna nguvu nyingine ambayo mikataba huisahau: washindani wa nyumbani na wa mbali hawakai kutazama. Nigeria ilipotangaza kwamba Ethiopian ingeongoza kundi la kumiliki sehemu ya Nigeria Air mpya, mashirika binafsi ya Nigeria yalikwenda mahakamani, yakihofia kwamba njia zao zingekabidhiwa mpinzani aliyevaa jezi ya taifa. Mei 2023 ndege ya Ethiopian iliyopakwa rangi za Nigeria Air ilitua Abuja kwa sherehe, kisha ikarudi Addis Ababa. Agosti mpango ukasimamishwa. Qatar Airways nayo, ilipochukua mwaka 2017 asilimia 49 ya kampuni mama ya Meridiana, shirika lililobadilishwa jina kuwa Air Italy, ilikutana na hasira ya mashirika makubwa ya Marekani. Hayo tayari yalikuwa yamechapisha mwaka 2015 madai kwamba mashirika matatu ya Ghuba yamepokea ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 42, madai ambayo mashirika hayo yaliyakana. Kwa macho yao Air Italy ilikuwa mlango wa pembeni wa kuingilia New York na Miami. Februari 2020 Air Italy ikafungwa.

Yaliyofanikiwa yana sura gani? Lufthansa ilinunua Swiss, Austrian na Brussels Airlines moja baada ya nyingine, na mwishoni ikazimiliki zote kikamilifu. Iliweza kwa sababu ndani ya soko la pamoja la Ulaya ukuta wa uraia umeshushwa, na kwa Uswisi ilibidi kwanza kujadili upya haki za njia na nchi za nje kabla ya kukamilisha umiliki. Anayebeba hasara ndiye pia anayeamua ratiba, kwa hiyo hana haja ya kuchota pembeni. Air Serbia ni mfano wa aina nyingine: serikali ilibeba madeni ya zamani ya Jat, shirika lililoitangulia, ikabaki na asilimia 51, na ratiba ikajengwa kuzunguka Belgrade yenyewe, abiria wa Balkani wakiunganishiwa pale. Etihad ilipouza kipande chake cha mwisho mwaka 2023, iliacha shirika linalopata faida na lenye kituo chake.

Ethiopian haijawahi kuuza hisa hata moja kwa mgeni. Ilipoanzishwa mwaka 1945 ilinunua ujuzi peke yake: TWA ya Marekani iliiendesha kwa mkataba huku ikifundisha Waethiopia hadi wakashika kazi wenyewe. Leo yenyewe ndiyo mwekezaji, katika ASKY iliyoko Lomé, Malawi Airlines, na Air Congo iliyoanza kuruka Kinshasa mwishoni mwa 2024. Nchi zinazoikaribisha zina haki ya kuiuliza maswali yaleyale yanayoulizwa watu wa Ghuba. Abiria wa Lilongwe anaunganishiwa wapi? Nani anateua mtendaji mkuu, na nani anaweza kumwondoa? Ndege zimekodiwa kutoka kwa nani, na kwa bei iliyolinganishwa na ya nani? Mwekezaji akiondoka, pointi za wasafiri, nafasi za kutua na madeni vinabaki kwa nani? Maswali hayo hayana jazba ya uzalendo, na huenda ndiyo maana hayasikiki sana siku ya kutia saini.

Rwanda inaonyesha mchezo unakoelekea. Qatar Airways ilitangaza mwaka 2020 kwamba inajadili kuchukua asilimia 49 ya RwandAir, na mazungumzo yakaburuta miaka. Lakini Desemba 2019, kabla ya tangazo hilo, Qatar ilikuwa imeshakubaliana kuchukua asilimia 60 ya mradi wa uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, uliokadiriwa dola bilioni 1.3. Kifungu cha uraia kinalibana shirika linaloteuliwa kuruka, basi. Uwanja hauruki popote, na mgeni anaruhusiwa kuumiliki zaidi ya nusu.